Habari za Uchukuzi wa Wagonjwa Wasio na Haraka

Waandikao habari za hospitali huanza mara nyingi na nyumba yenyewe: mwaka ule jiwe la msingi lilipowekwa, hesabu ya vitanda, majina ya madaktari na wauguzi waliotangulia. Ni vema, maana kazi yao yastahili kukumbukwa. Lakini iko sehemu moja ya kazi hiyo ambayo ni nadra kuandikwa, nayo ni njia iliyo kati ya mlango wa mgonjwa na mlango wa hospitali. Kila mgonjwa aliyelala katika kitanda alifika kwa namna fulani. Alichukuliwa kwa machela, au kwa gari, au kwa mashua, naye akarudishwa kwake vivyo hivyo. Aliyemchukua alikuwa nani, na alijua nini? Chombo kile kilikuwa safi? Na kama hali ya mgonjwa ingalibadilika njiani, nani angalimsaidia?

Mtu akiumia ghafula, kila mmoja humpisha njia. Kengele hupigwa, magari husimama kando, na habari zake husimuliwa jioni nyumbani. Lakini wengi zaidi ni wale wasio na haraka: mzee arudiye kwake baada ya kupasuliwa, mtu aliyepooza aendaye kuonwa na daktari, mgonjwa ahamishwaye kutoka hospitali ndogo kwenda kubwa, siku na saa zikiwa zimekwisha kupangwa. Hao hawapigiwi kengele. Katika kurasa hizi twataka kufuata habari zao, kwanza katika mji wa London, ambako sheria za uchukuzi wa wagonjwa zilianza mapema, kisha katika jimbo la Victoria huko Australia, ambako sheria ya baadaye iliandikwa wazi kuliko mahali pengi. Tutaona jambo la kutufikirisha. Sheria za kwanza zilitungwa ili wenye afya wakingwe na mgonjwa. Ilipita zaidi ya miaka mia kabla haijatungwa sheria ya kumkinga mgonjwa mwenyewe na uchukuzi mbaya.

I. Gari la Kukodi

Katikati ya karne ya 19 London ulikuwa mji mkubwa kupita miji yote ya Ulaya, nao ulijaa maradhi ya kuambukiza: ndui, homa nyekundu, homa ya matumbo, na kipindupindu kilichokuja na kuondoka na kurudi tena. Tajiri alipougua, daktari alimjia nyumbani. Maskini alipougua ndui, hakuwa na chumba cha kutengwa. Ilimpasa kuondoka ili asiwaambukize watoto waliolala naye chumba kimoja. Lakini aondoke kwa chombo gani? Mitaa mingine ilikuwa na magari yake ya kuchukulia wagonjwa, mingine haikuwa nayo. Basi jamaa zake walitoka njiani wakaita gari la farasi la kukodi, lile lile lililochukua watu wote. Mgonjwa akafunikwa blanketi, akaegemezwa pembeni, akapelekwa. Alipokwisha kushushwa, dereva aligeuza farasi wake akatafuta abiria mwingine. Labda mama na mtoto wake, nao wakaketi pale pale alipoketi yule mwenye ndui.

Tusimhukumu upesi yule mwenye gari. Mara nyingi hakuambiwa kitu, na kama aliambiwa, alikuwa na farasi wa kulisha na watoto wa kulisha. Wala tusiwahukumu jamaa za mgonjwa, maana walimtakia mema. Kila mmoja alifanya lililokuwa karibu na mkono wake, na maradhi yakaenea kwa wema wa watu kama yalivyoenea kwa ubaya wao. Ndiyo sababu wema peke yake haukutosha, ikahitajiwa sheria.

Katika 1866, mwaka ambao kipindupindu kilirudi London, Bunge la Uingereza lilitoa sheria ya usafi. Ndani yake mlikuwa na maneno juu ya uchukuzi. Wakuu wa mitaa walipewa ruhusa kuweka magari maalum kwa ajili ya watu wenye maradhi ya kuambukiza. Tena, mtu mwenye maradhi ya namna hiyo akipanda gari la watu wote pasipo kumwambia dereva kwanza, aliweza kutozwa hata paundi 5. Naye mwenye gari hakulazimishwa kumchukua mgonjwa huyo mpaka amelipwa kwanza fedha za kutosha kufidia hasara yake na gharama zake.

Hapa msomaji atazame vizuri. Adhabu ilikuwa ya hakika, lakini gari lilikuwa la hiari. Mtaa ambao haukuweka gari haukuvunja sheria, bali mgonjwa aliyekosa gari na kupanda la kukodi kwa siri, yeye ndiye aliyeivunja. Sheria ilimwona mgonjwa kama moto uwezao kuunguza nyumba za wengine, ikataka moto usitembee. Haikuuliza bado kama yeye mwenyewe atafika salama.

II. Magari ya Halmashauri

Mwaka uliofuata, 1867, ilitungwa sheria nyingine kwa ajili ya maskini wa London, na kwa sheria hiyo iliundwa halmashauri moja ya mji mzima, iitwayo Metropolitan Asylums Board. Kazi yake mojawapo ilikuwa kujenga hospitali za ndui na za homa kwa wasio na uwezo. Hospitali hizo zilikuwa changa bado ndui kuu ilipoingia. Katika mwaka 1871 peke yake zaidi ya watu 7,000 walikufa kwa ndui katika London. Vitanda vilijaa. Lakini uchukuzi ulikuwa vile vile mikononi mwa mitaa, kila mmoja kwa desturi yake. Hospitali ilikuwa moja, milango ya kuingilia ikawa mingi, na njia za kuifikia hazikuwa na mwenyewe.

Kwa sheria ya 1879 halmashauri ilipewa mamlaka kuwa na magari yake. Katika 1881 kituo cha kwanza kikafunguliwa Homerton, upande wa mashariki wa mji, karibu na hospitali yake ya homa, na vituo vingine vikafuata penye hospitali nyingine. Basi tuangalie kazi hiyo ilivyopangwa, maana ndani yake twaona mizizi ya mambo yanayoamriwa hata katika siku zetu.

Kwanza, mgonjwa hakuchukuliwa kwa neno la jirani tu. Ilitakiwa hati ya daktari, itajayo ugonjwa wake. Pili, ndani ya gari mlikuwa na mwuguzi aliyekaa pamoja na mgonjwa njia nzima; dereva alikuwa na farasi wake wa kuangalia, naye mwuguzi alikuwa na mtu wake. Tatu, gari lilitengenezwa kwa kazi hiyo, mgonjwa apate kulala juu ya machela, na baada ya safari likaoshwa kwa dawa ya kuua uambukizo kabla halijatoka tena. Kwa hiyo maswali yalikuwa matatu, nayo yakajibiwa pamoja: Ni nani anayechukuliwa? Ni nani anayemchukua? Na ni kwa chombo gani? Tuyashike maswali haya, maana yatarudi.

Jambo jingine lilitokea penye mto Thames. Watu waliokaa karibu na hospitali za ndui walianza kunung'unika kwamba ndui inawapata wao kuliko wengine. Habari zikachunguzwa, hasa penye hospitali ya Fulham, ikaonekana kwamba manung'uniko yao hayakuwa ya bure. Basi iliamuliwa wagonjwa wa ndui watolewe mjini kabisa. Merikebu tatu, majina yake Atlas, Endymion na Castalia, zikafanywa hospitali, na tangu 1884 zilitia nanga Long Reach, maili 17 hivi chini ya daraja la London. Wagonjwa walichukuliwa kwa gari mpaka gatini, kisha wakapandishwa katika meli ndogo za moshi, wakapelekwa mtoni.

Pale gatini daktari alimtazama kila mgonjwa kabla hajapandishwa. Sababu yake yapaswa kueleweka. Hati ya daktari wa kwanza yaweza kukosea. Vipele vya tetekuwanga huonekana kama ndui kwa jicho lisilozoea, na vipele vya maradhi mengine pia. Mtu asiye na ndui akipakiwa pamoja na wenye ndui, uchukuzi wenyewe ndio utakaompa ugonjwa. Hapo ndipo wakuu walipoanza kutambua kwamba safari yaweza kumdhuru asafiriye, na ya kuwa dawa yake ni kumpima kabla ya kuondoka, si baada ya kufika. Kanuni hiyo ndogo ya gatini haikupigiwa tarumbeta, lakini ni mojawapo ya mambo makubwa katika habari hizi.

III. Wenye Haraka Waja Nyuma

Wengi hudhani kwamba magari ya wagonjwa yalianza kwa ajali, kisha yakasaidia wengine. London haikuwa hivyo. Mtu aliyevunjika mguu njiani, katika miaka hiyo ya magari ya halmashauri, aliweza kupelekwa kwa kitoroli cha polisi au kwa gari la kukodi. Sheria ya kuliruhusu Baraza la Mji wa London kuwa na magari kwa ajili ya ajali ilitolewa katika 1909, na magari yenyewe yalianza kazi katika 1915. Kwa hiyo magari ya safari zilizopangwa yalitangulia magari ya baraza kwa miaka 34. Yalitangulia kwa sababu ile tuliyokwisha kuitaja: mwenye ndui aliogopwa, aliyevunjika mguu hakuogopwa.

Katika 1930 halmashauri ile ya zamani ikavunjwa, na magari yake yakawekwa chini ya Baraza la Mji pamoja na yale ya ajali. Huko mashambani, baada ya vita ya 1914 hadi 1918, Chama cha Msalaba Mwekundu na Shirika la Mtakatifu Yohana waliungana kutumia magari yaliyobaki kutoka vitani, wakachukua wagonjwa wa vijijini. Kazi yao ilikuwa ya kujitolea, na watu wengi waliwashukuru.

Kisha ikaja tarehe 5 Julai 1948, siku ambayo huduma ya afya ya taifa ilianza katika Uingereza. Sheria yake, iliyotungwa katika 1946, iliwaagiza wakuu wa serikali za mitaa kuhakikisha kwamba magari yapo kwa kuwachukua wagonjwa, na akina mama wenye mimba au wanyonyeshao, mahali ihitajipo. Mgonjwa hakulipa. Neno lililokuwa ruhusa katika 1866 sasa likawa wajibu.

Matunda yake yalikuwa makubwa, nayo yalileta shida yake. Watu waliokuwa wakikaa nyumbani na maumivu yao kwa kukosa nauli sasa walikwenda hospitali. Safari zikaongezeka mno, na sehemu kubwa yake hazikuwa za ajali, bali za watu waliokwenda kuonwa mchana na kurudi jioni. Magari ya serikali hayakutosha, hivyo watu wa kujitolea wakaongeza motakaa zao wenyewe, wakilipwa fedha za petroli kwa maili.

Gari moja na watu wale wale wawili walifanya kazi zote mbili. Asubuhi walikuwa na orodha: wazee watano wa kupelekwa kliniki. Katikati ya orodha simu ikalia, mtu ameanguka njiani. Ni haki waende kwa aliyeanguka. Nani angesema vingine? Lakini mzee wa tatu katika orodha alikaa kitini amevaa koti lake tangu saa moja asubuhi, akitazama dirisha, na saa yake ya kuonwa na daktari ikapita. Hakufa. Hakuandikwa katika hesabu yo yote. Wahenga walinena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na adhabu ya kungoja aijuaye ni yule aliyengojeshwa.

Kuhusu mafundisho, kamati iliyoongozwa na Dr. Millar ilitoa taarifa yake katika 1966 na 1967, ikataka watumishi wa magari ya wagonjwa wafundishwe kwa mpango mmoja na vyombo vyao viwe vya kufaa. Lilikuwa jambo jema kwa wote. Katika 1974 magari yalitolewa kwa serikali za mitaa yakawekwa chini ya huduma ya afya yenyewe, na viwango vya upesi vikawekwa: dakika ngapi gari lifike kwa mwenye haraka. Lakini kipimwacho ndicho kitunzwacho. Mwenye haraka alipewa saa ya ukutani ya kumtetea. Asiye na haraka hakupewa.

IV. Makampuni na Leseni

Kadiri miaka ilivyopita, wakuu waliona kwamba kazi hizi mbili zafaa kutengwa, kila moja iwe na magari yake na watu wake. Mzee wa kliniki asingojeshwe kwa ajili ya ajali, wala mtu aliyefundishwa kuokoa roho asishinde akisukuma viti vya magurudumu. Ilikuwa shauri la busara. Lakini kazi ilipotengwa, iliwezekana pia kuuzwa. Katika Uingereza, tangu mabadiliko ya sheria ya 1990, hospitali ziliweza kununua uchukuzi kwa yeyote aliyeuza kwa bei nafuu, na makampuni ya watu binafsi yakaingia. Huko Victoria pia makampuni kama hayo yalikuwa yakichukua wagonjwa waliopangiwa siku.

Mengi ya makampuni hayo yalifanya kazi ya uaminifu. Neno letu si kwamba mtu akipokea faida hawezi kuwa mwema. Shida ilikuwa hii: mgonjwa aliye juu ya machela hawezi kuchagua. Anunuaye nguo huigeuza aitazame mshono. Anunuaye samaki hutazama macho yake. Mgonjwa hawezi kuuliza kama chupa ya hewa ya oksijeni imejaa, wala kama kijana aketiye karibu naye aliwahi kufundishwa afanye nini mtu akizimia. Aliyenunua ni ofisi, aliyechukuliwa ni yeye. Penye mnunuzi mmoja na mwumia mwingine, bei nafuu huweza kushinda usalama pasipo mtu yeyote kukusudia.

Bunge la Victoria lilitoa sheria yake katika mwaka 2003, nayo ilihusu hasa uchukuzi wa wagonjwa wasio wa dharura. Ikaamriwa kwamba mtu asifanye biashara hiyo pasipo leseni. Kanuni za kuitimiliza zilitolewa katika 2005, zikaandikwa upya katika 2016, na baadaye sheria yenyewe ikaongezwa hata ikahusu pia watoao huduma ya kwanza penye mikutano na michezo.

Uzuri wa kanuni hizo ni kwamba zilikataa kuwahesabu wote wasio na haraka kuwa namna moja. Ziliwagawanya katika daraja tatu. Wa daraja ya chini ni yule ahitajiye kusaidiwa na kuangaliwa tu, labda kwa sababu hawezi kutembea au akili yake imedhoofika. Wa daraja ya kati ahitaji kutazamwa kwa bidii zaidi njiani, kama mtu mwenye mpira wa maji mshipani. Wa daraja ya juu ahitaji utunzaji wa ujuzi mkubwa, ingawa safari yake imepangwa. Huyo asichukuliwe ila pamoja na mwenye elimu itoshayo, kama mwuguzi aliyezoezwa kazi ya wagonjwa mahututi, au daktari. Kila daraja ina watu wake na vyombo vyake. Na yule ambaye kila dakika ni ya thamani kwa uhai wake hayumo katika daraja hizi kabisa; ni wa magari ya dharura.

Tena, kabla ya safari, mtu mwenye elimu ya tiba ampime mgonjwa na kuamua daraja yake. Maelekezo ya utunzaji yameandikwa, yakisema la kufanya kifua kikibana, au damu ikitoka, au mgonjwa akipotewa na fahamu, na wakati gani watumishi waache kujitegemea wakaita gari la dharura. Hapa twaikumbuka ile gati ya Thames. Daktari wa mtoni alitazama vipele. Mpimaji wa Victoria hutazama pumzi na mapigo ya moyo. Shauri ni lile lile: mjue mtu wako kabla gurudumu halijazunguka.

Uingereza ulifika kwa njia nyingine. Haukutunga sheria ya uchukuzi peke yake, bali kwa sheria ya 2008 uliweka tume moja ya kusimamia utunzaji wote wa afya, iitwayo Care Quality Commission, na uchukuzi wa wagonjwa ukawekwa katika kazi ambazo haziruhusiwi pasipo kuandikishwa. Makampuni ya magari ya wagonjwa yalianza kuandikishwa katika 2011. Kanuni za 2014 zilitaja mambo yapasayo kila mmoja: utunzaji ulio salama, vyombo safi na vya kufaa, watumishi wa kutosha waliofundishwa, na kila aajiriwaye achunguzwe kwanza kama ni mtu wa kuaminika. Hilo la mwisho si dogo. Mtu ambaye hajiwezi hufungiwa ndani ya gari pamoja na mgeni, mbali na macho ya jamaa zake. Ni haki jamaa wajue kwamba mgeni huyo alichunguzwa.

V. Sheria na Mpaka Wake

Je, leseni zilimaliza shida? Hazikumaliza. Katika 2019 tume ile ya Uingereza, baada ya kukagua makampuni mengi, ilisema wazi kwamba katika baadhi yao imekuta upungufu: watumishi wasiochunguzwa ipasavyo, mafundisho machache, dawa zisizotunzwa vizuri, magari yasiyo safi. Wengine wataona huzuni katika habari hiyo. Sisi twaona na faida pia. Kabla ya kuwapo mkaguzi, upungufu huo haukuandikwa popote. Sasa uliandikwa na kusomwa na watu. Aibu iliyoandikwa yaweza kusahihishwa.

Kuna mpaka mwingine, nao uliwekwa kwa makusudi. Sheria ya Uingereza yahusu chombo kilichotengenezwa hasa kwa kumchukua mtu ahitajiye matibabu. Teksi ya kawaida haimo, wala motakaa ya jirani ajitoleaye. Twaweza kuelewa sababu. Mtu ampelekaye jirani yake kliniki kwa wema, akiagizwa ajaze karatasi ishirini na kukaguliwa kama kampuni, ataacha, na mgonjwa atabaki nyumbani. Lakini twaijua pia hatari, kwa maana tumekwisha kuisoma habari ya gari la kukodi. Kazi ngumu ya mtunga sheria ni kujua ni wapi wema watosha, na wapi hautoshi. Daraja za Victoria zasaidia kulijibu swali hilo, kwa kuwa zaanza na hali ya mtu mwenyewe kabla ya kutazama umbo la gari.

Na kuna jambo ambalo leseni hailigusi sana, ndilo kungoja. Chukua mtu ambaye figo zake zimekufa. Damu yake yapaswa kusafishwa kwa mashine mara tatu kwa juma, kila mara kama saa nne, juma baada ya juma, labda mpaka mwisho wa maisha yake. Mtu huyu hufanya safari sita kwa juma, yaani zaidi ya mia tatu kwa mwaka. Hatujui abiria mwingine aliye kama huyu. Gari likikawia kumchukua, saa zake kwenye mashine zaweza kupunguzwa. Likikawia kumrudisha, hukaa amechoka na baridi pale mlangoni. Gari laweza kuwa na leseni, mtumishi aweza kuwa na cheti, na mtu huyu bado akateswa.

Hayo yalitiliwa maanani. Taarifa ya huduma ya afya ya taifa katika England, iliyotolewa katika 2021, ilihesabu safari za wagonjwa wasio wa dharura kuwa milioni 11 hadi 12 kwa mwaka. Ilipendekeza kwamba masharti ya nani astahili kuchukuliwa yafanane nchi nzima, asiwe mtu anakubaliwa mji huu na kukataliwa mji wa pili, na kwamba wote waendao kusafishwa damu hospitalini wapate msaada wa safari. Basi, miaka 155 baada ya sheria ile ya 1866, yule mgonjwa aliyeanza kwa kutishiwa faini ya paundi 5 akafika kuwa mtu ambaye safari yake ni haki ya kupangwa na kupimwa.

Ndugu wasomaji, na ninyi waalimu mtakaosoma habari hizi pamoja na wanafunzi wenu, nchi tulizozitaja zina fedha nyingi na barabara za lami, na mambo yao hayawezi kuchukuliwa yote kama yalivyo. Lakini maswali yale matatu hayahitaji fedha nyingi. Yaweza kuulizwa penye machela ya miti miwili na kanga, penye mashua, penye baiskeli na penye motakaa. Anayechukuliwa ni nani, na hali yake imetazamwa na nani kabla ya kuondoka? Wanaomchukua ni akina nani, na wameambiwa wafanye nini akibadilika njiani? Chombo ni gani, na kilioshwa lini tangu mgonjwa wa jana? Anayeyauliza kabla ya safari amekwisha kuanza kutibu.

Hospitali ina kuta, lakini kazi yake haiishi ukutani. Imeanza mtu alipoinuliwa kitandani mwake, nayo haijamalizika mpaka amelazwa tena nyumbani kwake, salama, mbele ya watu wake.